Matairi ya gari-nyumba kubwa: michirizi bado ipo, umri umekwenda. Nibadilishe? Na kubalansi tunafanyaje?

#1 Kobe_na_Nyumba
Wakuu salaam. Nina gari-nyumba la mita 11 na nusu, injini iko nyuma, breki za upepo. Tairi ni 295/80R22.5, mbili mbele na nne nyuma. Mwaka mzima linatembea mara tatu au nne tu, siku nyingine zote limeegeshwa.

Jana nililala chini na tochi. Michirizi ina kina cha milimita 11, karibu kama mpya. Ila pale ubavu unapokutana na rimu kuna nyufa nyembamba kama nywele, zimezunguka robo tatu ya tairi. Nambari ya mwisho ubavuni inasomeka 3216. Nibadilishe zote sita au nivumilie msimu mmoja? Na nikibadilisha, nichukue zipi, na hizi tairi kubwa zinabalansiwaje, yaani uzito wake unasawazishwaje pande zote? Nasikia risasi (vipande vya uzito vya kubana kwenye rimu), shanga, pete, kila mtu na lake.

#2 BiSpana
Badilisha. 3216 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2016, yaani Agosti. Tairi la gari-nyumba haliishi michirizi, linazeeka. Mpira una nta na dawa za kuzuia ozoni zinazopanda juu pale tairi linapojikunja likitembea. Gari likisimama miezi minane, nta haipandi, mpira unakauka, nyufa zinaanza. Lori linamaliza tairi kwa miaka miwili mitatu, kwa hiyo dereva wa lori hajui shida hii.

#3 Dereva_wa_Zamani
Sikubaliani na dada hapo juu. Zangu zilifika miaka 11, nilizifunika na turubai jeupe kila nilipoegesha, na sikuzipaka yale mafuta ya kung'arisha hata siku moja. Nyufa za juu ni ngozi tu. Ukiweza kuingiza ukucha ndipo uanze kuogopa.

#4 FundiPacha
Mzee wangu Dereva, heshima yako, lakini hapo umewapa watu moyo mbaya. Michelin wenyewe wanasema tairi likishatumika miaka 5 fundi alikague angalau mara moja kwa mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa litoke hata kama linaonekana zima. Wengi wenye magari-nyumba hawasubiri kumi, wanatoa kwenye saba. Ukuchani unaona ufa wa nje. Nyuzi za chuma zinazoachana na mpira kule ndani huzioni mpaka mkanda umevimba au umechomoka.

Nimefanya kazi ya tairi kubwa miaka mingi. Nililofungua la mwisho la umri huo lilikuwa zuri kwa nje kuliko hata la Kobe. Ndani, nilipopitisha kiganja, kulikuwa na uvimbe laini wenye upana wa sahani. Lilikuwa la mbele kulia.

#5 Nyota_ya_Barabara
La mbele likipasuka ukiwa na mwendo ndiyo siku utajua uzito wa usukani. Lilinipata. Kwa asili mguu unakimbilia breki, na breki ndiyo inayokuvuta kule kwenye tairi lililopasuka. Nilichofundishwa, na ndicho kilichoniokoa: shikilia usukani kwa nguvu, kanyaga mafuta kidogo gari lirudi kwenye mstari, kisha achia taratibu bila kugusa breki mpaka mwendo ushuke. Bawa lote la mbele la plastiki lilichanika, bomba la maji likakatika, lakini tulibaki barabarani.

#6 Kobe_na_Nyumba
Asanteni. Naona nabadilisha. @Dereva_wa_Zamani turubai jeupe nimelichukua hata hivyo.

Sasa nichague nini?

#7 Kipimo_Kwanza
Kabla ya kutaja chapa yoyote, pima uzito. Siyo gari zima kwenye mizani, pima kila upande wa kila ekseli, likiwa na maji, mafuta, vyombo, na watu wanaosafiri. Gari-nyumba halina usawa: friji na jiko upande huu, tenki la maji upande ule. Niliwahi kuona tofauti ya kilo 450 kati ya kushoto na kulia kwenye ekseli moja.

#8 Kobe_na_Nyumba
Nimepima leo kwa kilo, tenki la maji limejaa:
mbele kushoto 2,560, mbele kulia 2,340
nyuma kushoto 4,060, nyuma kulia 4,340
Jumla 13,300. Sikutegemea mbele kushoto kuzidi hivyo, halafu nikakumbuka betri na jenereta viko huko.

#9 Mwana_wa_Ringi
Hapo una nafasi ya kutosha mkuu. 295/80R22.5 nyingi zimeandikwa 152/148. 152 ni kilo 3,550 kwa tairi. Nyuma una nne, zidisha: 14,200. Unabeba 8,400 tu.

#10 FundiPacha
@Mwana_wa_Ringi hesabu ya nyuma irekebishe. Nambari ya pili ndiyo ya tairi pacha, zile mbili zinazokaa pamoja upande mmoja wa ekseli. 148 ni kilo 3,150, kwa hiyo nne ni 12,600. Pacha hupewa mzigo mdogo kwa sababu barabara ina mgongo, tairi la ndani na la nje hazilingani upepo wala kimo, na moja ndilo hubeba zaidi. Bado Kobe yuko salama, lakini mwenye gari zito akitumia hesabu yako atajidanganya.

Na herufi inayofuata nayo isomwe: L ni mwisho kilomita 120 kwa saa, M ni 130.

#11 Mwana_wa_Ringi
Kweli, nimekosea. Asante fundi.

#12 Simba_wa_Lami
Mimi ningepanda 315/80R22.5 nimalize kazi. 156/150, kilo 4,000 mbele. Tairi nene, gari linatulia.

#13 BiSpana
Simba, 315 siyo kuvua na kuvaa tu. Kwanza rimu: inataka ya inchi 9, na baadhi ya magari yenye 295 yana 8.25. Pili, nyuma kila tairi linanenepa, hivyo nafasi katikati ya pacha inapungua karibu milimita 20. Zikigusana zikiwa na mzigo zinachemka na kulana ubavu. Tatu, kimo kinaongezeka milimita 32. Usukani ukikata mwisho tairi litakwangua bawa, na spidomita itadanganya kama asilimia 3: ikisema 80 wewe uko 82 na kitu.

Tena tairi gumu lisilo na mzigo wake halitulizi gari, linakurusha. Tani 2 na nusu juu ya tairi la tani 4, utahesabu kila kokoto.

#14 Simba_wa_Lami
Rimu zangu zilikuwa za 9 tangu kiwandani, ndiyo maana sikupata shida. Hilo la rimu nilisahau kulisema.

#15 Njia_Panda
Na muundo wa michirizi? Kuna muuzaji alinishauri nyuma niweke zile za meno makubwa za kuvuta.

#16 FundiPacha
Kama huingii matopeni, weka zile za mistari mirefu, za ekseli zote, sita zinazofanana. Hazina kelele, na siku ukipata pancha barabarani tairi lolote linakaa popote. Meno makubwa nyuma chini ya kitanda chako yatakuimbia safari nzima. Angalia pia ubavuni mtengenezaji anasema ni la masafa marefu, la mjini au la trela. La trela usiliweke mbele hata likikutosha saizi.

Jambo lingine, omba upewe sita zenye tarehe zinazokaribiana, na usipokee tairi "jipya" lililokaa stoo miaka miwili. Mwaka wako wa kwanza unaanza siku lilipotoka kiwandani.

#17 Njia_Panda
Vipi zenye nambari tatu tu? Kuna spea nimeikuta chini ya gari, inasema 238.

#18 Kipimo_Kwanza
Hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000 ndugu. Nambari nne zilianza 2000. Usiifunge hata kwa kilomita moja.

#19 Dereva_wa_Zamani
Hiyo hata mimi siitetei 😀

#20 Simba_wa_Lami
Upepo je? Mimi najaza ile iliyoandikwa ubavuni. Basi.

#21 Kipimo_Kwanza
Iliyoandikwa ubavuni ni upepo wa kubebea mzigo wa juu kabisa wa hilo tairi. Mtengenezaji ana jedwali: mzigo huu, upepo huu. Unachukua upande mzito wa ekseli, unasoma jedwali, unajaza pande zote mbili sawa, unaongeza akiba kama psi 5 (psi ni kipimo cha upepo). Kobe kwa mbele asome kwa 2,560, nyuma asome kwa 4,340, na aangalie safu ya pacha. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Kwenye psi 100 joto la hewa likipanda nyuzi 10 geji inapanda kama psi 4, ukitoa upepo wakati tairi limechemka umeliua.

#22 Simba_wa_Lami
Uzito unabadilika kila safari. Leo tenki limejaa, kesho tupu. Tairi halijawahi kupasuka kwa upepo kuzidi kidogo, linapasuka kwa kupungua. Nitabaki na yangu.

#23 Nyota_ya_Barabara
Lililonipasukia lilikuwa na upepo pungufu, kwa hiyo nusu nipo na Simba. Ila nilipojaribu kujaza mpaka mwisho, mbele ilivaa katikati na breki kwenye mvua zikawa zinateleza mapema. Kila upande una gharama yake.

#24 Kobe_na_Nyumba
Wakuu, wiki tatu zimepita. Nimefunga sita mpya, 295/80R22.5 ileile, 152/148M, zote za mwaka huu. Fundi amebalansi mbele kwa mashine, risasi za kubana kwenye rimu. Nyuma akasema hakuna haja.

Sasa tatizo: kuanzia kilomita 85 mpaka 95 kwa saa sakafu ya mbele inatetemeka, vikombe vinagongana kabatini, usukani unacheza kidogo. Chini ya 75 kimya. Juu ya 100 inapungua. Nimerudi, amebalansi tena, hakuna tofauti. Tairi kuukuu hazikuwa hivi!

#25 Mwana_wa_Ringi
Ni nyuma huko. Nani alikwambia nyuma hakubalansiwi? Nne za nyuma zote zina upande mzito, na zikipangwa vibaya pande nzito zinakutana. Sakafu ndiyo inayotetemeka zaidi ya usukani, si umesema mwenyewe?

#26 Simba_wa_Lami
Weka shanga. Unamimina ndani ya tairi, zinajipanga zenyewe kila unapotembea, hata tairi likivaa. Nimemaliza seti nzima bila mtetemo, na tangu hapo sijagusa risasi.

#27 Njia_Panda
Zinajipangaje zenyewe? Mimi ningedhani kani ya kuzunguka itazipeleka upande mzito, zizidishe ubaya.

#28 Simba_wa_Lami
Gurudumu likiruka juu, shanga zinabaki chini upande mwepesi.

#29 Kipimo_Kwanza
Ni zaidi ya hapo. Chini ya mwendo fulani upande mzito ndio unaochomoza nje, na shanga zinakimbilia huko, kweli zinazidisha. Ukivuka mwendo ambao springi na ekseli hupenda kutetemeka, gurudumu linaanza kuzungukia karibu na kitovu chake cha uzito, upande mwepesi ndio unakuwa mbali na kitovu hicho, na shanga zinahamia huko. Ndiyo maana watu wa shanga huhisi mtetemo kidogo mwendo wa chini halafu unatulia. Pete zile za kufunga nyuma ya rimu zenye vigololi ndani zinafuata kanuni ileile.

#30 FundiPacha
Kanuni naikubali, tatizo ni yanayotokea ndani ya tairi. Hewa nyingi ya kompresa ina maji. Nilifungua tairi la basi lililowekewa shanga, nikakuta donge moja gumu ukubwa wa ngumi limeganda upande mmoja, karibu na valvu. Dereva alikuwa anazunguka na jiwe la gramu mia kadhaa akitafuta kosa kwenye ekseli. Ukitaka shanga, hewa iwe kavu na valvu iwe na kichujio, la sivyo shanga moja inakaa kwenye pini ya valvu na upepo unavuja usiku kucha.

Shanga haziondoi tairi lisilo duara. Risasi nazo haziondoi. @Kobe hebu tuambie, magurudumu yamepimwa uduara?

#31 Kobe_na_Nyumba
Hapana, mashine ilionyesha sifuri sifuri, akaridhika.

#32 FundiPacha
Sifuri sifuri ni uzito tu. Hata yai unaweza kulibalansi likasoma sifuri. Inua mbele na jeki, weka stendi, chukua waya au msumari ulioshikwa imara karibu na michirizi, zungusha gurudumu kwa mkono, uangalie nafasi. Kwa tairi la mbele nikiona zaidi ya milimita 2 na nusu naanza kushuku. Pima na rimu yenyewe, ujue mgonjwa ni nani.

Tafuta nukta nyekundu ubavuni kama ipo. Kwa watengenezaji wengi inaonyesha mahali tairi linaposukuma zaidi, na hukutanishwa na alama ya mahali pa chini pa rimu. Njano ni upande mwepesi, hukaa kwenye valvu.

#33 Mwana_wa_Ringi
Nukta baada ya rimu kugongwa mashimo miaka tisa hazina maana, alama ya rimu ni ya siku ya kiwandani.

#34 FundiPacha
Ndiyo maana nimesema pima rimu.

#35 BiSpana
Kuna kitu kidogo kinachosahauliwa: mahali rimu inapokaa kwenye habu, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa. Langu lilitetemeka vilevile baada ya tairi mpya. Tulivua tukakuta pete ya kutu na rangi kuukuu usoni mwa habu, unene wa ukucha, upande mmoja tu. Nilikwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, ikachukua saa nzima kwa magurudumu mawili. Rimu ikakaa sawa, mtetemo ukaisha kwa zaidi ya nusu.

Nati nazo zikazwe kwa nyota, kwa spana ya kipimo. Za M22 za rimu zinazokaa juu ya habu ni Nm 610 mpaka 680, na ukitembea kilomita 80 mpaka 160 unarudia kukaza. Yule mwenye bunduki ya upepo anakaza mpaka mkono umechoka, hajui amefika wapi.

#36 Dereva_wa_Zamani
Kobe, limekaa siku ngapi toka uzifunge? Tairi likisimama muda mrefu linapata ubapa pale linapokanyaga. Langu kila mara kilomita 20 za kwanza ni kama punda, likipata joto linatulia.

#37 Kobe_na_Nyumba
Siku nne tu mzee. Na nimetembea kilomita 200, haibadiliki.

#38 Mzee_wa_Hewa_Safi
Mtaishia kulaumu tairi bure. Tairi kuukuu laini zilikuwa zinameza makosa ya gari, mpya zinayaonyesha. Angalia shokomzoba, pini za usukani na shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli. Badilisha gia ukiwa 90 ileile: mtetemo usipobadilika, injini haina kosa.

#39 Kipimo_Kwanza
Shafti tunaitenga kwa hesabu. Kwenye 88 kwa saa gari linaenda mita 24.4 kwa sekunde. Tairi hilo mzunguko mmoja ni kama mita 3.2 likiwa na mzigo. Basi linazunguka mara 7 na nusu mpaka 8 kwa sekunde. Shafti inazunguka mara nne au zaidi ya hapo, kutegemea difu (gia za ekseli ya nyuma). Simu nyingi zina kipima mtetemo. Laza simu sakafuni karibu na kiti cha dereva, rekodi dakika moja. Ukiona 7 na kitu ni gurudumu. Ukiona 15 kumbuka maneno ya FundiPacha kuhusu yai, maana umbo la yai linapiga mara mbili kila mzunguko. Ukiona 30 kwenda juu, tafuta shafti.

#40 Simba_wa_Lami
Au mtu anaweza kuweka shanga akaondoka.

#41 Kobe_na_Nyumba
Nimerudi na mafuta mikononi. Simu: 7.6 imesimama wazi, na 15 ipo lakini fupi. Hakuna kitu 30.

Habu zote mbili za mbele zilikuwa na kutu kama ya BiSpana, nimekwangua. Uduara: kushoto milimita 1.2. Kulia milimita 3.4! Rimu ya kulia peke yake 1.3. Tulilegeza tairi la kulia, tukalizungusha nusu duara juu ya rimu, tukajaza upepo likiwa ndani ya kizimba cha chuma cha kinga, tukabalansi upya. Sasa ni 1.9.

Barabarani: usukani umetulia kabisa. Sakafu bado inatikisika kidogo, sasa ni kati ya 92 na 97.

#42 BiSpana
Kutu hiyo 👏

#43 FundiPacha
3.4 mpaka 1.9, kutu haikufanya hivyo peke yake.

#44 Mwana_wa_Ringi
Na kilichobaki ni cha nyuma, kama nilivyosema kwenye #25. Usukani umetulia, sakafu bado. Nani anabisha?

#45 Mzee_wa_Hewa_Safi
Mimi. Shokomzoba ya upande wa kulia ikoje? Ikague.

#46 Kipimo_Kwanza
Kobe umefanya mambo matatu kwa siku moja: kutu, kuzungusha tairi, kubalansi upya. Hatutajua lipi limesaidia. Nyuma fanya moja moja, urekodi simu kila baada ya moja. Na kabla ya kuvua chochote, pima upepo wa tairi za ndani, hizo watu huziruka kwa sababu valvu iko mbali.

#47 Kobe_na_Nyumba
Nimepima saa hii, gari baridi, nimelala ubavu mkono umepita kwenye tundu la rimu. Nyuma kulia nje psi 95, ndani 74. Kirefusho cha valvu kimelegea, nikiweka mate kinatoa povu.

#48 FundiPacha
USIJAZE kwanza. 74 ni chini ya asilimia 80 ya 95. Tairi lililotembea chini ya asilimia 80 linahesabiwa limetembea pancha, livuliwe likaguliwe ndani kabla ya kurudishiwa upepo. Nyuzi za ubavuni zikiwa zimechoka, zinafunguka kama zipu wakati unajaza, na wewe umelala hapo pembeni. Umetembea kilomita ngapi hivyo?

#49 Kobe_na_Nyumba
Sijui. Siku ya kufunga fundi alipima za nje tu mbele yangu. Kama 300 hivi. Navua kesho asubuhi, nitalipeleka kwenye kizimba, na la nje lake nalo nalivua maana ndilo lililobeba mzigo wa wenzake.

#50 Nyota_ya_Barabara
Weka picha ya ndani ukishafungua. Na kirefusho badilisha vyote vinne, kisha funga vishikizo visicheze.

#51 Simba_wa_Lami
Ukiwa umelifungua tayari, gramu chache za shanga hazina uzito 😀

#52 Kobe_na_Nyumba
Ngoja kwanza tuone ndani kuna nini, Simba.